Bizari Usoni mwa Mama

Mke akimwonea mume wake wivu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi imejaa washauri. Atapata wa kumhurumia, wa kumchochea na wa kumwombea. Lakini mwanamke mzima wa miaka arobaini, mwenye cherehani yake na wateja wake, akimwonea wivu mke wa mdogo wake kwa sababu ya uso wa mama yao, atamwendea nani? Atakayemsikia atacheka. Kwa hiyo Kavinya hakumwambia mtu. Aliumeza wivu wake asubuhi pamoja na chai, akaenda nao kibandani kushona, akarudi nao jioni.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri tu. Mdogo wake, Mutie, alipomleta Nerima kukaa katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya mama yao hapa Jericho, Kavinya ndiye aliyewashonea mapazia. Hakukuwa na harusi, wala wazee waliotumwa magharibi kwa kina Nerima. Walikuja tu, wakakaa, na hayo mengine yakaachiwa Mungu na mshahara wa Mutie wa udereva. Kavinya hakuwa na neno. Msichana alikuwa na heshima, alifagia uwanja bila kuambiwa, na alimwita Kavinya "dada" hata pale ambapo Kavinya hakustahili.

Shida ililetwa na matunda. Nerima aliuza matunda katika soko la Jericho, na jioni alirudi na yale yaliyolainika mno kuuzwa: ovakado zilizobonyea, papai lililoanza kutoa maji, ndizi zenye madoa meusi. Mtu mwingine angeyatupa. Nerima aliyaponda kwenye bakuli, akatia asali kidogo au maziwa lala, akamkalisha mama mkwe wake kwenye kigoda nje ya mlango, akaanza kumpaka.

Mama huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kavinya kwa jina la kifungua mimba wake, alikuwa amefua shuka za hospitali tangu ujana wake hadi alipostaafu. Sabuni ilikuwa imemla mikono, na uso wake ulikuwa mkavu wenye mabaka. Sasa kila Jumamosi alifumba macho, akainua kidevu, akajiachilia mikononi mwa Nerima. Ovakado na asali zilikuwa za uso. Sukari na mafuta ya kupikia vilisugua viganja, na unga wa uji uliokorogwa kwa maziwa ulipakwa kwenye viwiko. Baada ya miezi michache, ngozi yake ilikuwa laini na yenye nuru hivi kwamba majirani walianza kusimama njiani.

"Mama Kavinya, unarudi usichana!" Ndindi wa nyumba ya pili alipiga kelele siku moja. "Hebu sema ukweli, unajipaka nini?"

"Mimi sijui," mama alisema, akicheka macho yakiwa yamefumbwa. "Muulize Nerima. Huyu ana mikono."

Ana mikono! Kavinya alikuwa ndani akipiga pasi gauni la mama huyo huyo, na maneno hayo yalimwingia hadi kwenye mifupa. Kwani yeye alikuwa na nini mwisho wa viwiko, miiko? Ni nani aliyempeleka mama kliniki, akapanga foleni, akabeba dawa za presha? Ni nani aliyemshonea kila nguo aliyoivaa kanisani? Lakini hakuna jirani aliyewahi kusimama njiani na kupiga kelele, "Mama Kavinya, hizo dawa za presha zimekupendeza!" Mapenzi ya Kavinya hayakuwa na rangi wala harufu. Yale ya Nerima yalinukia asali, na yalipakwa nje, mbele ya watu.

Alijaribu kushindana kwa njia ya dukani kwanza. Alinunua losheni nzuri, ya chupa yenye kifuniko cha dhahabu. Mama alishukuru sana, akaipaka mara moja, akasema inamwasha, akaiweka juu ya kabati. Chupa ikabaki hapo kila siku ikimtazama Kavinya.

Huenda angeendelea kuvumilia hivyo hivyo kama si Jumapili ya vitambaa. Kanisani kwao, mama aliyemaliza mafunzo ya umoja wa akina mama huitwa mbele, akapiga magoti, na mwanamke mmoja wa nyumbani kwake humfunga kitambaa cheupe kichwani mbele ya waumini wote. Ni mmoja tu. Si wawili, si kwa zamu. Anayefunga ndiye wa karibu, na kanisa zima humwangalia na kumweka akilini. Mama Kavinya alikuwa amemaliza mafunzo. Kitambaa chake Kavinya alikuwa amekishona mwenyewe, pindo lote kwa sindano ya mkono, kwa sababu cherehani huacha mshono unaoonekana.

"Atakufunga nani, Mama?" aliuliza wiki moja kabla, akijifanya anatafuta uzi kwenye kopo.

"Nitasema siku ikikaribia," mama alijibu.

Jibu gani hilo? Jibu la swali hilo lilikuwa moja tangu Kavinya azaliwe. Kama mama alihitaji kufikiria, basi kulikuwa na mwingine wa kufikiriwa. Kavinya alilala vibaya wiki ile. Alijiona amekaa kwenye benchi huku mwanamke wa chumba cha mabati akifunga kitambaa alichokishona yeye, na kila mara picha hiyo ilipomjia aliketi kitandani.

Ndipo akaamua kumshinda Nerima kwa silaha za Nerima. Kwenye simu alimpata dada mmoja wa mtandaoni mwenye uso unaong'aa, akifundisha mchanganyiko wa bizari ya manjano, maziwa lala na asali. Ngozi itawaka, dada yule aliahidi, hata mtu akiwa na miaka mia. Tena alionya: kijiko kidogo kimoja tu cha bizari, na usiuache mchanganyiko ukaukie usoni. Kavinya aliyasikia yote mawili. Lakini kijiko kidogo! Kwani mama yake alikuwa wali wa mtu mmoja? Alitia kijiko kikubwa, akaangalia, akatia kingine, na cha tatu akakijaza kwa sababu Nerima hangethubutu.

Ijumaa mchana alifunga kibanda mapema. Mutie alikuwa safarini, Nerima sokoni. Kavinya alimkalisha mama yake ndani, kwenye kiti chenye mto, akamfunga taulo shingoni na kuanza kumpaka.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulitarajia. Mikono yake ilisita. Aligundua kwamba hajui uso wa mama yake. Alijua vipimo vyake vyote, kifua, kiuno, urefu wa mkono, lakini hakukumbuka mara ya mwisho alipomgusa shavu. Nyumbani kwao watu hawakuguswa. Walilishwa, walivishwa, walilipiwa karo, na hayo yalitosha. Vidole vyake vilipita juu ya nyusi, vikakuta kovu dogo.

"Hili ni la nini, Mama?"

"Hilo? Niliteleza bombani na ndoo. Wewe ulikuwa tumboni. Nilipoanguka nilishika tumbo badala ya kushika uso." Mama aliyasema hayo polepole, kwa sauti ya mtu anayeelekea usingizini. "Wewe una vidole vyepesi, kumbe."

Kavinya aliendelea kupaka, paji la uso, masikio, shingo hadi kwenye mfupa wa bega, na mama akalala kabisa, kinywa kikiwa wazi kidogo. Mchanganyiko ulianza kukauka pembeni. Kavinya aliuona. Aliona ukipasuka kwenye mikunjo ya shavu, akajua kwamba wakati wa kuosha umefika, tena umepita. Lakini akimwosha ataamka, na akiamka atauliza kama Nerima amerudi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, mama alikuwa wake peke yake. Akakaa tu hapo, akiwa na mkono wa mama mapajani mwake, na bizari ikafanya kazi yake.

Mama alipoamka, Kavinya alileta beseni na kumwosha. Maji yaligeuka manjano, taulo ikageuka manjano, na uso ulipotokea nao ulikuwa manjano. Si manjano ya kuwaka kama alivyoahidi dada wa mtandaoni. Ni yale ya sufuria ya bizari, yaliyokolea kwenye mikunjo yote na kuishia kwa mstari pale taulo ilipokuwa. Kavinya alipiga sabuni. Alisugua. Aliongeza sabuni. Sasa uso ulikuwa wa manjano na mwekundu.

"Nipe kioo," mama alisema.

"Ngoja kidogo, Mama."

"Kavinya. Nipe kioo."

Mama alijiangalia upande mmoja, akajiangalia upande wa pili. "Nimekuwa viazi karai," alisema. "Na Jumapili ni kesho kutwa."

Kavinya alitamani ardhi ipasuke, immeze yeye na beseni lake. Kitambaa kilikuwa cheupe pe, na chini yake kungekaa uso huu, mbele ya kanisa zima! Usiku ule alimsugua mama kwa limau hadi mama akaomba apumzishwe, na Jumamosi asubuhi hakuna kilichokuwa kimebadilika. Akafunga mapazia na kuamua kwamba mama ana mafua.

"Hodi!" Nerima aliita mlangoni. "Leo ni Jumamosi, nimekuja na papai ya Mum."

"Mama amelala," Kavinya alisema kupitia upenyo wa mlango.

"Sijalala!" mama alijibu kutoka chumbani.

Nerima alitazama upenyo ule, kisha akatazama kamba ya nguo nyuma yake. "Dada, na mbona taulo imekuwa yellow hivyo?"

Kavinya aliuachia mlango. Nerima aliingia, akafika chumbani, akasimama. "Wuueh! Mum! Nani amekupiga rangi?"

"Mimi," alisema Kavinya.

Nerima alibana midomo. Alijitahidi, lazima tumpe haki yake, lakini mabega yalianza kutikisika, na mwishowe kicheko kilimtoka kupitia puani. Mama naye akacheka. Wote wawili wakacheka, na Kavinya akasimama katikati yao, macho yakimwasha.

"Cheka tu," alimwambia Nerima. "Si hii ndiyo siku ulikuwa unangoja? Cheka ushibe."

Kicheko kilikatika. Nerima aliliweka papai juu ya meza. "Sikucheki kwa ubaya, dada. Unakumbuka siku Mutie alinileta hapa mara ya kwanza? Nilikuwa nimejifunga skafu shingoni, na jua ilikuwa kali."

Kavinya alikumbuka vizuri. Alidhani ni maringo, na alikuwa amemsema kwa skafu hiyo hadi jioni.

"Nilikuwa nimejipaka hii kitu usiku mzima ndio Mum anione niko msafi. Nikaamka shingo iko hivi. Usoni nilitoa, shingoni ikakataa. Nililia hadi Mutie akataka tusikuje."

"Ulitoa na nini?" Kavinya aliuliza.

"Mafuta ya kupika. Sabuni haiwezani nayo. Lakini hata sijui, yangu ilikuwa kidogo. Hii yako uliweka na roho safi."

Basi wakaleta mafuta, pamba na maziwa, wakakaa mmoja huku na mwingine kule. Nerima alichukua shavu la kulia, Kavinya la kushoto. Walipaka mafuta, wakaacha yaingie, wakafuta, pamba ikatoka na rangi. Wakarudia. Na msidhani Kavinya alikuwa ameokoka kwa sababu ya habari ya skafu. Alikuwa akipima kwa jicho ni shavu gani linalosafika haraka, na alipoona la kulia limetangulia aliongeza mafuta upande wake. Mama alikaa katikati yao, akivutwa huku na huku.

Kufikia adhuhuri uso ulikuwa umerudi kuwa wa mama. Manjano yalibaki kidogo tu nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, mahali ambapo kitambaa kingefunika.

"Sasa niwaambie la kesho, kwa sababu mko wote," mama alisema. "Atakayenifunga ni Nerima."

Kavinya aliacha kufuta. Nerima naye alishtuka. "Mum, hapana! Dada ndiye mkubwa. Mimi nani?"

"Hilo ndilo kila mtu ananiuliza," mama alisema. "Kila Jumapili. Huyu ni nani? Ni wa Mutie kweli, au ni wa kukaa tu? Mlimleta kwa njia gani? Mwaka wa tatu huu wananiuliza, wengine mbele yake, na yeye anatabasamu kama hakusikia. Nimechoka. Kesho wakiona ananifunga mimi, wataacha." Akamgeukia Kavinya. "Wewe nani hakujui? Hata wakinisalimu wanataja jina lako. Wewe huhitaji kuonyeshwa kwa watu."

Lilikuwa jambo la haki. Kavinya aliona kwamba ni la haki, na hilo likamuuma zaidi, maana lingekuwa la uonevu angepata pa kushika.

"Nahitaji, Mama," alisema.

"Nini?"

"Nahitaji kuonyeshwa." Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, ya mtoto. "Tangu huyu akuje, sijui kama niko ama siko. Anakupaka mkiwa nje, watu wanamsifu, unamsifu. Mimi niko ndani na pasi. Nimekuwa nikimwonea wivu mpaka usingizi umenihama. Hata sasa namwonea. Hata hivi tunavyoongea."

Nerima aliinama akaanza kuokota pamba ambazo hazikuwa zimeanguka.

"Si ungesema, mwiitu wakwa, binti yangu," mama alisema.

"Si ndiyo nilikuwa nasema," Kavinya alijibu, akaonyesha bakuli la bizari la jana, ambalo bado halijaoshwa.

Mama alilitazama bakuli. Kisha akanyoosha mkono wake, ule uliochakazwa na sabuni, akamshika Kavinya shavu. Hakujua amshike vipi. Alimshika kwa kumbana kidogo, kama mtu anayejaribu kama embe limeiva. Lakini uamuzi hakuubadilisha. Alisema Nerima, ikabaki Nerima.

"Miguu bado haijapakwa," alisema. "Kavinya, leta kigoda. Nerima, mpe hilo papai."

Nerima alimpa papai, akatoka nje, akavuta mlango.

Kesho yake kanisa lilijaa. Kavinya alikaa benchi la tatu. Mama aliitwa, akapiga magoti, na Nerima akasimama nyuma yake, akakifunga kitambaa kwa haraka hivi kwamba fundo lilikaa upande. Lingekuwa la Kavinya lingekaa katikati. Alijua hivyo, na alijua kwamba hakuna mwingine kanisani anayejua, na alikaa akilitazama fundo lile huku roho ikimchoma.

Beldina, mama wa kwaya aliyehamia kanisani juzi tu na ambaye kupitwa na habari ni dhambi kwake, alimwinamia. "Kwani yule ndiye binti wa Mama Kavinya?"

"Binti ni mimi," Kavinya alisema haraka.

"Aaa. Na yule basi ni nani?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ni wa kukaa tu na Mutie. Maneno sita tu, tena ya kweli, na kufikia wakati wa matangazo yangekuwa yamezunguka mabenchi yote. Pale mbele mama alikuwa akiinuka, akishikilia mkono wa Nerima.

"Yule pia," alisema Kavinya.

"Yule pia nini?"

"Yule pia ni binti yake."

Beldina aliitikia kwa kichwa, akageuka kumwambia wa pembeni yake. Kavinya alirudisha macho mbele, kwenye fundo lililokaa upande, akaomba lisifunguke mbele ya watu. Kisha, kwa kuwa alikuwa kanisani na hakutaka kumficha Mungu, akakiri kwamba sehemu ndogo yake inaomba lifunguke.